Njia ya Lami na Kokoto katika Nchi ya Jalidi

Katika jimbo la Maine, lililo kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ambako usiku wa Januari kipimo cha joto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 15 chini ya sifuri na theluji hulala juu ya ardhi tangu Desemba mpaka kuelekea Aprili, mwenye nyumba ya shamba huwa na shughuli ambayo mkaazi wa Kigoma au wa Lamu huijua kwa upande mmoja tu, upande wa mvua: nayo ni kuitunza njia ya gari itokayo barabarani hadi mlangoni pake, isipasuliwe na baridi, wala isigeuke tope zito siku theluji iyeyukapo. Shughuli hiyo leo si ya wenyeji wa huko peke yao. Miji ya Portland na Lewiston imepokea kwa miaka mingi sasa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili. Na baadhi yao, wakiisha kujikusanyia mali kidogo, hununua nyumba nje ya mji, mahali penye miti na nafasi, wakakuta kwamba pamoja na nyumba wamenunua pia meta 30 au 100 za njia ambayo hakuna serikali wala baraza la mji litakaloitengeneza kwa niaba yao.

Mwenye nyumba huyo aghalabu hutajiwa mambo matatu. La kwanza ni changarawe tupu, ambayo bei yake ni nafuu, lakini kila baridi bamba la kusukumia theluji huikwangua na kuitupa majanini, na kila Aprili magurudumu huizamisha katika tope. La pili ni lami nzito, ile ichanganywayo na kokoto na mchanga kiwandani ikiwa ya moto, ikaletwa kwa malori na kutandazwa kwa mtambo. Nayo ni kazi njema, ila gharama yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, hususan njia yake ikiwa ndefu. La tatu ni zege, ambalo hugharimu zaidi kuliko hayo mawili, na ambalo uso wake huchunika upesi pakichanganyika chumvi ya barabarani na kuganda na kuyeyuka kusikokwisha. Lakini baina ya changarawe na lami nzito lipo jambo la nne, la tangu zamani, ambalo wazee wa New England huliita mafuta na mawe, na ambalo kwa maoni yangu halipewi heshima linayostahili: lami ya maji humwagwa juu ya msingi uliokwisha kushindiliwa, kokoto safi zikatandazwa juu yake papo hapo, zikakanyagwa kwa magurudumu mazito hata zikashikamana. Msomaji wa Tanzania au Kenya asilione jambo hili kuwa geni, kwani barabara nyingi za mikoani kwetu zilipata lami yao ya kwanza kwa njia hii hii, tabaka moja la lami na kokoto juu ya jingine.

Unafuu wake una sababu zilizo dhahiri. Hakuna haja ya kiwanda cha kupika mchanganyiko, lami itumikayo ni kidogo kwa kila meta ya mraba, na mitambo yenyewe si mingi: gari lenye tangi na mirija ya kunyunyizia, lori la tipa lenye kitandazio nyuma, na mtambo wa kushindilia. Fauka ya hayo, uso upatikanao una tabia mbili ziwafaazo watu wa nchi ya baridi. Ni mkavu na wenye meno, ukayashika magurudumu kuliko lami laini pakiwa na utando wa barafu; na kwa kuwa ni ngozi nyembamba inayonyumbulika, hustahimili ardhi ikiinuka na kushuka kidogo, ambapo tabaka gumu na nene lingepasuka kwa ufa mrefu unaokwenda upande mmoja hadi wa pili. Walakini ngozi ni ngozi. Haibebi uzito wa gari, bali huuzuia uso usilowe na usichimbike, na uzito wote hubebwa na kilicho chini yake. Kwa hiyo mtu aambiwaye kwamba njia hii ni ya bei nafuu, na ajue tangu mwanzo kwamba unafuu huo uko juu ya ardhi tu. Chini ya ardhi katika nchi ya jalidi hakuna unafuu, na kila senti iliyofichwa huko hudaiwa na baridi ya kwanza au ya pili.

Hapa yafaa tutue kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo lote. Watu wengi hudhani kwamba ardhi huinuka wakati wa baridi kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, na ni kweli kwamba maji yageukapo barafu huongezeka ujazo wake kwa takriban asilimia 9. Lakini lau sababu ingekuwa hiyo peke yake, barabara isingeinuka ila kwa kiasi kidogo sana, ilhali zimeonekana barabara zilizoinuliwa sentimita 10 na zaidi. Aliyeudhihirisha ukweli wa jambo hili ni mtaalamu wa miamba Stephen Taber wa University of South Carolina, ambaye alichapisha matokeo ya majaribio yake mnamo 1929 na 1930. Alichukua udongo akaulowesha kwa benzeni, kiowevu ambacho kikiganda hunywea badala ya kutanuka, akaugandisha. Na udongo ule ukainuka vile vile. Ikabainika kwamba kiinuacho ardhi si kutanuka kwa maji yaliyokuwamo, bali ni maji mapya yavutwayo kutoka chini, kidogo kidogo, kama mafuta yapandavyo utambi wa taa, yakaenda kujiunga na barafu iliyokwisha kufanyika, hata yakawapo ndani ya udongo mabapa ya barafu tupu, moja juu ya jingine, yakiusukuma uso wa nchi kuelekea juu.

Kutokana na elimu hiyo tunafahamu kwamba mambo matatu hayana budi kukutana ndipo njia iharibike: baridi ishukayo chini, maji yaliyo karibu, na udongo wenye vinyweleo vidogo vya kuyavuta maji hayo. Baridi haizuiliki. Katika Maine jalidi hupenya ardhini kiasi cha meta moja na zaidi, na ndiyo maana misingi ya nyumba huko huchimbwa futi 4 au zaidi kwenda chini; wala hakuna mwenye nyumba awezaye kuchimba hivyo urefu wote wa njia yake. Yaliyobaki katika uwezo wa mwanadamu ni maji na udongo. Kuhusu udongo, Arthur Casagrande, aliyekuwa akifundisha MIT, alitoa mnamo 1931 kipimo ambacho wahandisi wangali wakikirejea hata leo, kwamba katika changarawe yenye mchanganyiko wa ukubwa mbalimbali, chembe zilizo ndogo kuliko milimita 0.02 zikizidi asilimia 3 tu, changarawe hiyo yaweza kuinuliwa na jalidi. Asilimia 3 ni kidogo mno, nayo haionekani kwa jicho. Changarawe chafu yaweza kuonekana njema kabisa siku ya kuletwa, na isidhihirishe ubaya wake mpaka Februari.

Na Maine, kwa bahati mbaya, imejaaliwa udongo mbaya kwa kazi hii. Barafu kubwa ya kale ilipokuwa ikirudi nyuma, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, bahari iliingia mbali ndani ya nchi ya pwani ikaacha matabaka ya udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu na buluu, uchanganyikao na mashapo laini, ambao wataalamu wa miamba huuita Presumpscot kwa jina la mto mmoja wa huko. Udongo huo hushika maji, huyapandisha, na ukiyeyuka hauna nguvu ya kumbeba hata mtoto wa ng'ombe. Barafu ile ile ya kale, hata hivyo, iliacha pia matuta marefu ya mchanga na changarawe iliyooshwa na mito iliyopita chini yake, na mpaka leo machimbo mengi ya changarawe nzuri yako katika matuta hayo. Hivyo dawa haiko mbali na ugonjwa.

Msiba mkubwa zaidi hauji wakati wa baridi kali, bali mwisho wake. Jua la Machi na Aprili huyeyusha ardhi kuanzia juu, ilhali chini bado imeganda kama sakafu, na maji yaliyokusanywa na barafu kwa miezi mitatu hayana pa kwenda. Yakabaki yamefungwa baina ya uso na sakafu hiyo, na lori moja la kuni au la mafuta ya kupashia nyumba joto likipita juu yake, huacha michirizi isiyorekebishika. Ndiyo sababu jimbo la Maine na miji yake huzuia malori mazito yasipite katika barabara nyingi majira hayo. Mwenye nyumba naye akiweza kuyazuia yasiingie kwake kwa majuma hayo machache, ataiongezea njia yake umri.

Haya yote, ukiyatazama, si mapya. John Loudon McAdam, Mskoti aliyezaliwa Ayr mnamo 1756 na aliyepewa uangalizi wa barabara za Bristol mnamo 1816, alifundisha kwamba ardhi ya asili ndiyo ibebayo msafara, na kwamba itaubeba maadamu ni kavu. Akakataza kuchanganya mawe ya barabara na udongo au kitu chochote kinywacho maji na kudhuriwa na baridi. Alitaka mawe madogo yaliyopondwa, yenye pembe, yashikamane yenyewe kwa pembe zake, na uso ulioinuka kidogo katikati ili maji yateremke kandoni. Lami haikuwamo katika mafundisho yake. Ilikuja kwa nguvu baadaye, gari za mota zilipoanza kutimua vumbi, na mnamo 1902 Edgar Purnell Hooley, mkaguzi wa barabara wa Nottinghamshire, alipata hataza yake ya mchanganyiko wa lami na mawe. Mtu amwagaye lami leo juu ya msingi mbovu ameshika la Hooley na kuliacha la McAdam, na hapo ndipo hasara ilipo.

Basi msingi uweje? Udongo mweusi wa juu, mizizi na majani huondolewa vyote. Pakiwa na mfinyanzi, hutandikwa kitambaa kizito cha ujenzi kiruhusucho maji kupita lakini kisichoruhusu tope kupanda na kuchanganyika na changarawe. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na faida, nami ningemshauri mtu apunguze urefu wa njia kabla hajakipunguza kitambaa hicho. Juu yake huja changarawe safi ya machimbo, kisha kokoto zilizopondwa za ukubwa mbalimbali, zikitandazwa kwa matabaka ya sentimita 15 hivi na kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine kumwagwa, mpaka unene ufikie sentimita 30 au zaidi. Mgongo wa njia huinuliwa katikati ili kila upande uteremke kiasi cha sentimita 2 au 3 kwa kila meta, na kandoni huchimbwa mitaro inayoyapeleka maji mahali, si inayoyakusanya tu. Na pale njia inapokata mtaro wa barabara kuu huwekwa kalavati.

Hebu tulipige hesabu jambo hili, ili msomaji auone uzito wake. Njia ya meta 30 kwa 4 ina meta za mraba 120. Msingi wa sentimita 30 ni meta za ujazo 36, ambazo zikishindiliwa vema zina uzito wa tani zipatazo 75. Tabaka mbili za kokoto za juu, zikichukua jumla ya kilo 28 hivi kwa kila meta ya mraba, hazifikii hata tani 4, na lami ya kuzishika ni kama lita 400 na ushei. Anayepita barabarani na kuisifu njia hiyo anazisifu tani 4. Lakini itakayoamua kama ataisifu tena baada ya miaka mitano ni zile 75 asizoziona.

Kabla ya jembe kushuka ardhini yapo mawili ya kisheria, mepesi lakini ya lazima. Katika Marekani hupigwa simu namba 811, ili waje watu wenye kujua kuweka alama palipofukiwa mabomba na nyaya, na huduma hiyo haina malipo. Na njia ikiwa inatokea kwenye barabara ya jimbo, huombwa kibali cha Idara ya Uchukuzi ya Maine kwa ajili ya mdomo wake.

Siku ya kumwaga lami ni siku ya haraka na ya uangalifu. Itumikayo zaidi sasa ni ile iliyosagwa kuwa matone madogo mno na kuchanganywa na maji, kiasi cha theluthi mbili lami na theluthi moja maji, ambayo hunyunyizwa ikiwa na joto la kadiri tu; nayo imeichukua nafasi ya ile ya kale iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, ambayo mvuke wake haukuwa mwema kwa mtu wala kwa hewa. Itokapo kwenye mirija huwa na rangi ya kahawia, na baada ya muda mfupi, maji yanapojitenga, hugeuka kuwa nyeusi. Kokoto hazina budi kuangukia kwenye ile kahawia. Zikichelewa mpaka uso ukawa mweusi, zitakaa juu bila kushika. Vile vile sharti ziwe zimeoshwa, kwani vumbi hujitia baina ya jiwe na lami, na jiwe lenye vumbi hujishikiza kwenye vumbi lake, si kwenye lami. Tabaka la kwanza hutumia kokoto kubwa kidogo, za milimita 12 hivi, na la pili za milimita 9, zikajaza nafasi zilizoachwa na zile kubwa. Kushindilia hufanywa kwa mtambo wenye magurudumu ya mpira, ambayo hulikanyaga kila jiwe mpaka lilale kwa ubavu wake mpana. Gurudumu la chuma hulivunja jiwe, na jiwe lililovunjika huonyesha uso usiopakwa kitu.

Hewa nayo ina hukumu yake. Kipimo cha chini kikubaliwacho na wengi ni nyuzi 10 za joto zikiwa zinapanda, lakini mwenye busara hungoja nyuzi 15 na zaidi, pasiwe na mvua siku ile wala usiku wake. Katika Maine hiyo ni kusema Juni, Julai na Agosti, na siku za mwanzo za Septemba kwa mwenye bahati, maana lami huhitaji majuma kadhaa ya joto ili ikauke sawasawa na kuyashika mawe kabla ya jalidi ya kwanza. Mkandarasi akubaliye kumwaga Oktoba anafanya biashara na pesa za mwenye nyumba, wala si na hali ya hewa.

Siyo kila mahali panafaa. Penye mteremko mkali, au mahali ambapo gari hugeuzwa gurudumu likisokota pale pale lilipo, mawe hung'oka. Pembe hizo ni heri ziwekewe lami nzito, na urefu uliobaki upewe lami na kokoto. Majuma ya mwanzo kokoto zisizoshika hutawanyika, zikafagiliwa na kurudishwa. Hilo ni la kawaida wala si kasoro. Palipotoboka, mwenye nyumba mwenyewe aweza kupaziba kwa ndoo ya lami baridi na koleo la kokoto, na baada ya miaka mitano mpaka saba tabaka jipya moja juu ya lile la zamani huirudishia njia ujana wake. Urahisi huo wa kutengenezeka kwa mikono ya mwenyewe naupa thamani kubwa, kwa kuwa familia nyingi zinazoanza maisha nchi ya mbali zina nguvu za kazi kuliko fedha za kulipia kazi.

Theluji ikianguka, bamba la kuisukuma lisilale moja kwa moja juu ya uso. Liinuliwe kwa viatu vyake kiasi cha sentimita moja au mbili, au livishwe mpira kwenye makali, na kingo za njia ziwekewe vijiti virefu kabla ya theluji ya kwanza ili dereva ajue pa kukoma. Utando mwembamba utakaobaki utiwe mchanga. Jua likichomoza, weusi wa lami baina ya mawe hulipokea joto na kuuyeyusha. Baridi ya kwanza ndiyo itakayo uangalifu kupita zote, kwa kuwa lami bado ni changa.

Limebaki la tahadhari, nalo nalisema kwa uchungu, kwa sababu waathirika aghalabu ni wazee na wageni wasioijua lugha vizuri. Kila majira ya joto hutokea watu wanaobisha hodi wakidai kwamba wametoka kazini jirani, lami imebaki garini, nao wataimwaga leo hii kwa nusu ya bei wakilipwa taslimu. Wanachomwaga huwa ni utando juu ya udongo mtupu, na kabla ya theluji kwisha utando umekwisha, nao hawapatikani. Mkandarasi wa kweli huja kwanza kutazama, hupima, huuliza maji huenda wapi, kisha huandika: unene wa msingi, aina ya changarawe, idadi ya tabaka, na tarehe. Sheria ya Maine ya mikataba ya ujenzi wa nyumba huweka kwamba malipo ya awali yasizidi theluthi ya bei, na kipimo hicho ni chema kukishika katika kazi yoyote ya nyumbani.

Mwenye azma ya kuijenga njia yake majira yajayo, na atoke nje mwezi wa Aprili, theluji inapoyeyuka, atazame maji yanakosimama na yanakopita, apige vijiti hapo na kuchora, kwa sababu hakuna mhandisi atakayemwonyesha mahali pa mtaro kwa uhakika kuliko hayo. Kisha awaite wakandarasi wawili au watatu mapema, awape mchoro ule ule, na ayalinganishe maandishi yao katika sura ya msingi kabla ya kuitazama bei, kwani msimu wa kumwaga lami katika Maine haupiti miezi mitatu na siku chache.